Shorobo Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Ndege wa mawe wa Kisii hawana miguu. Nilizaliwa huku nikakulia huku, na karibu kila sebule niliyokaribishwa utotoni ilikuwa na korongo au bata wa jiwe la sabuni juu ya kabati la vyombo, lakini jambo hilo sikuliona hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi. Mchongaji humweka ndege wake katikati ya matete, au humlaza juu ya mayai, au humzamisha majini hadi tumboni, kwa sababu jiwe letu ni laini na mguu mwembamba ungekatika hata kabla haujapigwa msasa. Basi siku nilipomwona korongo taji aliye hai, kwenye kinamasi kimoja upande wa Nyamira, nilipiga picha za miguu tu. Miguu mirefu, myeusi, ikitembea kwa madaha juu ya nyasi zenye maji. Lile taji la dhahabu kichwani, ambalo ndilo hasa humpa sifa, nilikuja kulikumbuka ndege mwenyewe alipokwisha ruka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa upande wa Mosocho. Kamera niliipata kwa mpiga picha wa harusi mjini aliyekuwa amechoshwa na maharusi, pamoja na lenzi ndefu ambayo alisema hakuwahi kuihitaji, kwa kuwa maharusi hawatoroki. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, huwasha pikipiki yangu nikaenda kutafuta ndege. Sibagui. Ndege wa rangi na ndege wa saruji nawapiga picha kwa heshima ileile ninayompa ndege mwenye damu. Ninaye jogoo aliyechorwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga pale Keumbu, ana macho ya binadamu, tena binadamu anayedai haki yake. Ninao korongo wa saruji katika bustani ya hoteli mjini, na juu ya mgongo wa mmoja wao amesimama ndege mdogo hai anayetikisa mkia, ametulia kabisa, hajali kwamba mwenzake hapumui. Ninao minana wakifuma viota kwenye mnazi wa mapambo wa kituo cha petroli, na mwewe wa soko la Daraja Mbili aliyemnyang'anya muuza nyama kipande mbele ya wateja wote.

Kazi hii ina shida zake. Huku kwetu mashamba ni madogo, na mtu usiyemjua akiinama kwenye ua wako na chombo cheusi jichoni, wazo linalokujia ni moja tu: anapima. Keumbu nimefukuzwa na mama mwenye jembe aliyeamini nimetumwa na shemeji yake. Karibu na Mosocho nilizungukwa na wazee watatu walionitaka niseme mpaka unapita wapi, nami nilikuwa namlenga ndege mdogo aitwaye chozi aliyekuwa ananyonya ua la mgomba. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Zamani nilikuwa nikijibizana nao hadi sauti inakauka. Siku hizi nawaonyesha picha upesi kwenye kioo cha kamera, wanasogeza vichwa, wanacheka, na mara nyingi hunipeleka wenyewe kunionyesha kiota kingine.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye nisingeweza kujibizana naye wala kumwonyesha kitu, naye ndiye mama mkwe wangu.

Kwetu sisi Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, hamtazami usoni, na jikoni kwake hatii mguu. Vijana wa siku hizi wanazivunja kanuni hizi bila hata kujua kwamba zipo, lakini mama mkwe wangu si mtu wa siku hizi. Nikienda kwake, kule Nyamira, mimi hukaa sebuleni na yeye hukaa jikoni, ambako ni jengo la peke yake nyuma ya nyumba. Chakula huletwa na mke wangu. Salamu huletwa na mke wangu. Maneno yake yote kwangu huanza na "mwambie", hata kama kuta za jiko lake ni mbao tupu na nimesikia kila kitu.

Hilo lisingenisumbua, kwani ndiyo desturi. Kilichonisumbua ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe zamani. Mimi ni Mkatoliki, mke wangu ametoka katika nyumba ya Wasabato, na nilipopanga harusi yetu niliiweka siku ya Jumamosi. Padri alikuwa na nafasi Jumamosi ile, au Jumapili moja wiki mbili baadaye. Mke wangu alinionya. Mimi nikasema harusi zote duniani hufungwa Jumamosi, na kwamba mama atakuja tu, mzazi gani atakosa kuja? Mama hakuja. Alikwenda kanisani kwake na Biblia yake kama Sabato nyingine yoyote, akakaa kiti cha mbele, na sisi tukafunga ndoa upande wangu wa kanisa ukiwa umejaa na upande wa mke wangu ukiwa na binamu wanne. Ningengoja wiki mbili tu.

Miaka kumi na tisa ilipita. Hakuwahi kulitaja jambo lile, nami sikuwahi kuomba msamaha, kwa maana ningeuomba vipi kupitia ukutani? Chinsoni ilitusitiri sote wawili. Hakuna aliyeweza kusema kama mama mkwe ananiheshimu au amenikasirikia, kwa sababu kwa macho ya watu mambo hayo mawili yalifanana kabisa. Mimi mwenyewe sikujua, na kutojua huko kuliniuma zaidi kadiri nilivyozeeka.

Sasa shorobo. Jumapili moja nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha sebuleni kwake, nimemaliza ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, nikachungulia dirishani bila kuwaza lolote. Juu ya paa la jiko pakapita kitu chekundu. Si wekundu wa kanga wala wa ua. Wekundu uliowaka mara moja na kuzimika. Kisha nikasikia sauti nzito ikigugumia kwa fujo kwenye mpera ulio nyuma ya jiko. Niliijua kutoka kwenye rekodi nilizokuwa nikizisikiliza kwenye simu. Vitabu vya Kiswahili vinamwita shorobo, na aina hii ni ya zambarau mwili mzima, mdomo wa manjano, kishungi chekundu kichwani, na mabawa ambayo akiyakunja huwezi kudhani yana wekundu wowote. Nilikuwa nimemtafuta miaka mitatu, msituni na mtoni, nikirudi na picha za matawi matupu.

Niliinuka na kukimbilia mlango wa nyuma. Mke wangu alinidaka shati.

"Baba watoto, unaenda wapi?"

"Ndege!"

"Huko ni jikoni kwa mama."

Nikarudi kukaa. Nilikaa pale nikimsikiliza yule ndege akila mapera hatua kumi na tano kutoka mahali nilipokuwa, na nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

Mke wangu alimweleza mama yake kilichotokea, nadhani ili wacheke kidogo. Sikusikia kicheko. Lakini Jumatano iliyofuata simu ya mke wangu ililia tukiwa mezani, akasikiliza, akanigeukia akiwa amekunja uso kwa mshangao. "Mama anasema nikwambie yule ndege alikuja leo saa moja asubuhi. Alikuwa na mwenzake." Ijumaa simu ililia tena. Walikuja saa kumi na mbili na nusu, wakaondoka mvua ilipoanza. Jumapili: mmoja tu, na alikuwa na jani mdomoni. Nilichukua daftari la mazoezi nikawa naandika kila taarifa. Kwa miezi miwili mama mkwe wangu, ambaye katika miaka kumi na tisa alikuwa ameniambia labda maneno mia, aliniletea habari za ndege wale kwa saa, kwa hali ya hewa na kwa tunda walilokula. Hakuna neno lingine alilotia humo. Hakuuliza hali yangu wala hakutuma salamu. Nami nilizisoma taarifa zile tena na tena, nikitafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Nikapata mpango. Nyuma ya jiko lile ardhi inateremka hadi kijito, na ng'ambo ya kijito kuna shamba la majani chai la jirani, mlima mzima umeinuka kukabili mpera. Kutoka huko lenzi yangu ingefika. Jikoni nisingekanyaga, heshima ingebaki mahali pake. Nilimwomba jirani ruhusa, akaniuliza kama napima shamba la mama, nikamwonyesha picha za korongo, akaniruhusu. Jumapili moja misa ilipokwisha nilikuwa nimelala kifudifudi kati ya mistari ya michai, nimejifunika kitenge cha kijani cha mke wangu ili ndege wasinione. Umande uliniloweshea shati hadi kifuani. Nilikuwa na raha isiyo na kifani.

Walikuja wote wawili. Walitua kwenye mpera kwa kishindo, wakaanza kupanda matawi kwa kurukaruka, na jua la asubuhi likawapiga ubavuni hadi ile zambarau ikang'aa. Nilianza kupiga picha. Nilipiga mdomo, nilipiga jicho, nilipiga mkia. Nikabaki kungoja kitu kimoja, afungue mabawa. Mmoja wao akainama, akajikunja, akaruka, na wekundu wote ukafunguka mara moja. Nikabonyeza na kushikilia kidole.

Nilipotazama kwenye kioo nilikaribia kushangilia, kisha nikaivuta picha karibu. Ndege alikuwa juu ya picha, mabawa wazi, kila unyoya uko mahali pake. Na chini yake, katikati kabisa, alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka jikoni na beseni. Hakuwa na kitambaa kichwani, nywele zake nyeupe ziko wazi, kichwa amekitupa nyuma, na alikuwa anacheka. Si tabasamu. Alikuwa anacheka kwa kinywa chote, pengo la jino linaonekana, macho yamefumba, machozi yanamtoka.

Sikuwahi kumwona usoni. Nataka nieleweke: miaka kumi na tisa nilikuwa nimeona mabega yake, mgongo wake, na ukingo wa kitambaa chake. Na sasa nilikuwa nimemtazama kwa lenzi iliyomvuta karibu kuliko mume wake alivyowahi kumkaribia mbele za watu, tena kichwa wazi. Mkwe gani anafanya hivyo? Niliteremka mlima ule nikiwa nimejificha nyuma ya kila mchai.

Picha ile ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Kuifuta nilijaribu. Kidole kilifika kwenye kitufe mara tatu kikakataa. Mwishowe nikaificha kwenye kompyuta, ndani ya folda niliyoiita Kwarara, kwa sababu mke wangu hampendi ndege huyo, kelele zake humwamsha alfajiri, na nilijua folda hiyo hataifungua hata kwa kulipwa. Nikawa naitazama peke yangu nikimaliza kusahihisha insha. Uso ule ulinifurahisha kila mara. Wakati huohuo niliona aibu kwamba nimeiba kicheko ambacho mwenyewe hakunipa.

Wiki chache baadaye, kamati ya zahanati iliyo chini ya kilima cha mama mkwe iliamua kupamba ukuta wa nje, ule unaoelekea barabarani, ambapo watu hupanga foleni. Watoto waliogopa sindano, na mtu mmoja akasema wachorewe ndege. Walimwita fundi wa kuandika mabango kutoka Keumbu, yule yule aliyechora jogoo mwenye macho ya binadamu, na fundi akaniomba picha za kuiga. Nilifurahi kupita kiasi. Ndege wangu ukutani, barabarani, bure kwa kila mpita njia! Nilinakili kila kitu kwenye flashi nikampelekea. Kila kitu. Kwa haraka ya furaha sikukumbuka kwamba kwarara wangu mmoja hakuwa kwarara.

Nilikwenda kuutazama ukuta Jumapili mbili baadaye. Nilizima pikipiki nikiwa bado mbali ili niufurahie polepole. Chozi kwenye ua la mgomba, safi. Korongo taji mwenye miguu yote miwili, nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikaufikia upande wa mlango. Pale, mkubwa kuliko mlango wenyewe, alikuwa shorobo amefungua mabawa, na chini yake mama mkwe wangu, kichwa wazi, akicheka na pengo lake.

Fundi alikuwa juu ya ngazi akimalizia mawingu.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Mwalimu, uliniletea ndege mingi," alisema, ameridhika na kazi yake. "Lakini hizo zingine zimekaa tu kama zinangoja gari. Hii moja ina maneno."

"Nilikuambia uchore shorobo!"

"Si nimechora? Hiyo hapo juu."

"Na huyo mama?"

"Huyo alikuwa ndani ya picha."

Nilimpandia hasira, nikateremka, nikambembeleza. Nilimwomba apake rangi nyeupe juu yake, achore hata kichaka, achore ng'ombe. Fundi alishuka kwenye ngazi, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kamati imeona, mwalimu. Imeshangilia. Nikifuta nitaiambia nini?" Watu waliokuwa wakipita walikuwa wakisimama na kuonyeshana. Wote walimjua. Hakuna aliyethubutu kupanda kilima kumwambia, lakini hilo lingekaa siku ngapi?

Ikabidi nimweleze mke wangu. Nilimpa picha kwenye simu nikakaa kungoja kunyeshewa. Aliitazama kwa muda mrefu. Kwanza alisema, "Umemwona mama bila kitambaa," kwa sauti ya mtu anayetaja kosa mahakamani. Kisha akakaa. Akasema hajamwona mama yake akicheka hivyo tangu baba yake afariki, na kwamba hata kabla ya hapo alikuwa akicheka hivyo nyumbani tu, wageni wakishaondoka. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Jumanne ana kliniki ya presha," alisema alipojifuta uso. "Tutakwenda. Wewe utasimama mbali."

Ilikuwa likizo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Jumanne nilisimama ng'ambo ya barabara, kando ya kibanda cha kukusanyia maziwa, na mke wangu akasimama langoni mwa zahanati. Fundi alikuwa bado pale na makopo yake. Foleni ilikuwa ndefu, nusu yao ni wazee wa presha, na nadhani siku hiyo wengine walikuja bila ugonjwa wowote. Mama mkwe aliteremka kilima polepole, fimbo mkono mmoja, kadi ya kliniki mkono wa pili, kitambaa cheupe kimefungwa sawasawa. Alipofika kwenye ukuta alisimama, na foleni nzima ikamgeukia.

Alijitazama. Alisogea hatua moja, akatazama ndege, akarudi kujitazama. Nilijiambia, sasa imekwisha, hata kile kiti cha sebuleni nimekipoteza, na mke wangu atakuwa akienda kwao peke yake hadi mmoja wetu afe.

"Nani amechora hii?" aliuliza kwa Ekegusii, bila kugeuka.

Fundi alivua kofia. "Ni mimi, mama."

"Nina kichwa wazi kama mtu aliyetoka kuoga. Nitie kitambaa. Hiki hapa, tazama, kina ukingo wa bluu. Usiweke cha njano, cha njano sina."

"Sawa, mama." Fundi aliinama kuchukua brashi, kisha akafikiri, akataka kuwa mwungwana. "Na mdomo je? Naweza kuufunga kidogo. Lile pengo naweza kuliziba."

Nilimwona mke wangu ameshika lango kwa mikono miwili.

"Mdomo uache," mama mkwe alisema. "Nilicheka kweli."

Foleni ikaguna. Naye, kama mtu aliyegundua kwamba ana wasikilizaji, akaegemea fimbo yake na kuwageukia. "Mnafikiri nilikuwa nacheka ndege? Ndege hao niko nao tangu nilipoolewa hapa, nitawacheka leo kwa nini? Nimetoka na beseni langu nimwage maji, natazama ng'ambo ya kijito, namwona mwalimu mzima amelala kwenye majani chai amevaa kitenge cha binti yangu. Nyuma yake amesimama mbuzi wa jirani. Mbuzi anatafuna kitenge, anakivuta, na mwalimu anakirudisha kichwani kwa mkono mmoja bila kugeuka. Anavuta, anarudisha. Anavuta, anarudisha!"

Kweli kitenge kile kilirudi nyumbani na pembe moja pungufu, nami niliilaumu miiba.

Zahanati nzima ilicheka. Wazee wa presha walishikana mabega. Hata muuguzi alitoka mlangoni na sindano mkononi. Na mama mkwe wangu alicheka pamoja nao, kichwa nyuma, kinywa wazi, palepale chini ya ule mchoro, na fundi akachukua kipimo kwa jicho akatikisa kichwa kuridhika, kwamba ameupata vizuri. Nilicheka nami, ng'ambo ya barabara, nikiwa nimemshika ng'ombe wa mtu pembe ili nisianguke. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba siku ile mlimani tulikuwa tumetazamana. Mimi nilidhani namwiba, kumbe mwenyewe alikuwa amesimama akinitazama kwa raha zake.

Alipokwisha kujifuta macho alimwita mke wangu karibu. Alisema kwa sauti ya kunifikia, lakini alimtazama binti yake. "Mwambie Jumapili asilale kwenye matope ya watu. Apitie njia ya chini, aje nyuma ya jiko. Mimi nitakaa sebuleni hadi amalize."

Sijui kama mtu asiye wa huku anaweza kulipima neno hilo. Hakuvunja kanuni hata moja. Mkwe na mama mkwe hawatakutana, hawatatazamana, kila mmoja atakuwa na ukuta wake. Alibadilisha tu viti. Alinipa upande wake wa nyumba na yeye akachukua wangu.

Jumapili ile nilipita njia ya chini na viatu safi. Nyuma ya jiko palikuwa pamefagiwa, na chini ya mpera paliwekwa kigoda. Nilikaa. Kupitia mlango wa nyuma nilisikia kiti changu cha sebuleni kikilia alipokikalia, akakohoa, akatulia. Shorobo walichelewa. Kisha matawi yakatikisika juu ya kichwa changu, karibu mno, ganda la pera likaniangukia begani, na nikaona kishungi chekundu kikichungulia kati ya majani, halafu kingine. Lenzi yangu ndefu haikuwa na kazi hapo. Nilitazama kwa macho.

Mke wangu hakuwepo. Mama yake alikuwa amemtuma kwa jirani kuchukua ungo, ungo ambao, kama nilivyokuja kujua baadaye, jirani hakuwa nao wala hajawahi kuwa nao. Nyumba ilikuwa kimya.

"Wamekuja wote wawili?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni.

Nilingoja kidogo kwa mazoea, nikitafuta mtu wa kunijibia. Hakukuwa na mtu.

"Wamekuja, mama," nikasema. "Wote wawili."